Gari kuukuu la spoti: cheti cha ukaguzi kinathibitisha nini?

Ukipita kwenye karakana za jua kali mjini Wote, Emali, Kitui au Mwingi, si ajabu kukuta Subaru Impreza au Toyota Celica yenye umri wa miaka 20 na zaidi imeinuliwa kwa jeki, fundi akiwa chini yake. Magari haya ya spoti hupendwa sana na vijana. Yana nguvu, bei yake imeshuka kiasi cha kufikiwa na mtu mwenye kipato cha kawaida, na majina yake yanajulikana tangu enzi za Safari Rally. Impreza ilishinda mashindano hayo mwaka 1997 ikiendeshwa na Colin McRae, na tena mwaka 2000 ikiendeshwa na Richard Burns. Wakenya wengi wanamkumbuka Patrick Njiru akiwa kwenye usukani wa Subaru miaka ya 1990.

Gari la aina hii linapouzwa, mnunuzi huuliza: "Limepita ukaguzi?" Muuzaji akijibu ndiyo, mara nyingi pesa hutolewa papo hapo. Ila cheti cha ukaguzi kina mipaka yake, na asiyeifahamu mipaka hiyo anaweza kulipa mara mbili: kwanza kwa muuzaji, kisha kwa fundi. Ajali ikitokea, anaweza kulipa kwa uhai wake au wa wenzake.

Makala haya yanaeleza ukaguzi unapima nini na unaacha nini, gari kuukuu la spoti hukwama wapi, na mwenye gari afanye nini kabla na baada ya ukaguzi.

Nani hukagua magari?

Ukaguzi wa magari si kazi ya serikali ya kaunti. Chini ya Jedwali la Nne la Katiba ya 2010, kaunti zinasimamia barabara za kaunti, maegesho na uchukuzi wa umma katika maeneo yao. Kukagua magari na kutoa vyeti ni jukumu la Mamlaka ya Kitaifa ya Usalama na Uchukuzi, NTSA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2012. Kwa hivyo, mkazi anayetaka cheti hawezi kukipata katika afisi ya wadi wala ya kaunti ndogo.

Matatu, mabasi na magari ya biashara yamezoea ukaguzi wa kila mwaka. Gari la kibinafsi, kwa upande mwingine, limekuwa likikaguliwa kwa nadra: wakati wa kusajiliwa, linapobadilishwa injini, rangi au bodi, linapohusika katika ajali, au polisi wanapoagiza. Ndiyo sababu gari la kibinafsi linaweza kukaa barabarani miaka mingi bila mkaguzi kulichungulia chini.

Mwaka 2025, maoni ya wananchi yalitafutwa kuhusu rasimu ya kanuni mpya za ukaguzi wa magari. Rasimu hiyo ilipendekeza kwamba magari ya kibinafsi yaliyopita miaka minne tangu kutengenezwa pia yawe yakikaguliwa kila mwaka.

Hata bila kanuni mpya, sheria iliyopo tayari inamfunga mwenye gari. Sehemu ya 55 ya Sheria ya Trafiki inasema gari lisitumike barabarani ikiwa sehemu zake, taa na tairi zikiwemo, hazitimizi matakwa ya sheria. Ni lazima sehemu hizo zitunzwe wakati wote, ili gari lisihatarishe waliomo ndani wala watumiaji wengine wa barabara. Neno la kuzingatia hapa ni "wakati wote". Sheria haisemi siku ya ukaguzi tu.

Kwa nini umri wa gari ni jambo zito huku kwetu

Viwango vya ukaguzi wa magari nchini, KS 1515:2000, haviruhusu gari lililotumika kuingizwa nchini likiwa limepita miaka minane. Maana yake ni kwamba Impreza ya mwaka 1999 au Celica ya mwaka 2002 inayouzwa leo haikushuka melini juzi. Imekuwa nchini kwa muda mrefu, na huenda imepitia mikono ya watu watatu au wanne kabla ya kufika Kitui au Makueni.

Gari kama hilo lilikaguliwa kule lilikotoka kabla ya kusafirishwa, na likakaguliwa tena liliposajiliwa hapa. Yaliyofuata hutegemea uaminifu wa kila aliyelimiliki. Mmoja huenda alibadilisha mafuta kwa wakati. Mwingine aliondoa springi za kiwandani akaweka fupi ili gari liinamie barabara. Wa tatu alifunga injini ya gari jingine bila kubadilisha rekodi. Cheti cha zamani hakiwezi kusimulia hayo yote.

Mazingira yetu nayo yana mchango. Barabara za murram zenye mawimbi hulegeza bushi na nati. Vumbi hupenya kwenye raba zinazofunika viungio vya eksel, na raba ikipasuka grisi hutoka na kiungio huanza kugonga. Joto la Kibwezi na Mtito Andei hukausha mpira wa tairi na mipira ya radieta. Nayo miteremko ya milima ya Mbooni na Kilungu huchosha breki kuliko safari ya tambarare.

Ukaguzi hupima nini?

Katika kituo cha ukaguzi, kazi huanza na utambulisho. Nambari ya chasisi, nambari ya injini, rangi na aina ya bodi hulinganishwa na logbuku. Hapa ndipo magari mengi ya spoti hukwama hata kabla ya kupimwa, kwa sababu injini imebadilishwa au rangi si ile iliyoandikwa.

Kisha huja usalama. Breki hupimwa kwa mashine yenye roli zinazozungusha magurudumu. Mashine huonyesha nguvu ya breki ya kila gurudumu, na pia kama upande wa kushoto na wa kulia unalingana. Tofauti ikiwa kubwa, gari huvutwa upande mmoja dereva anapokanyaga breki ghafla. Breki ya mkono hupimwa pia. Mkaguzi huangalia usukani na viungio vyake, bushi, shokabsoba, tairi, taa na mwelekeo wake, indiketa, waipa, kioo cha mbele, mikanda ya usalama, moshi, na kama kuna kinachovuja.

Wenye Subaru wanafaa kujua jambo moja zaidi. Magari mengi ya aina hii husukumwa na magurudumu yote manne wakati wote. Ekseli moja ikizungushwa kwenye roli huku nyingine imetulia, mitambo inayogawa nguvu inaweza kuharibika. Mwenye gari amwambie mkaguzi mapema kwamba gari lake ni la aina hiyo ili breki zipimwe kwa njia inayofaa.

Kile ambacho cheti hakithibitishi

Mfano mzuri uko Uingereza, ambako ukaguzi wa lazima ulianza mwaka 1960. Mwanzoni ulihusu magari yaliyozidi miaka 10. Tangu mwaka 1967 unahusu gari lolote linapofikisha miaka mitatu, na baada ya hapo hurudiwa kila mwaka. Takriban magari 3 kati ya 10 huanguka yanapopelekwa mara ya kwanza. Sababu kuu zinazojirudia ni taa, mfumo wa shokabsoba na springi, breki, na tairi.

Kuna mambo mawili ya kujifunza hapo. La kwanza ni kwamba sababu hizo nyingi ni kasoro ambazo fundi wa kawaida anaweza kuziona na kuzirekebisha kabla ya siku ya ukaguzi. Balbu iliyoungua haihitaji kompyuta.

La pili ni kwamba injini, klachi na giaboksi hazimo. Ukaguzi wa Uingereza hauchunguzi hali ya sehemu hizo. Serikali ya huko pia huwaeleza wananchi wazi kwamba cheti hakimaanishi gari litabaki salama mwaka mzima. Cheti huonyesha hali ya gari siku lilipopimwa.

Hapa kwetu pia, anayenunua gari la turbo asichukue cheti kuwa dhamana ya injini. Injini za Impreza za miaka hiyo hutumia mkanda wa timing ambao hutakiwa kubadilishwa gari likifikisha takriban kilomita 100,000. Ukikatika gari likiwa linatembea, vali na pistoni hugongana, na gharama yake inaweza kukaribia bei ya gari. Mkanda huo umefichwa nyuma ya vifuniko, na ukaguzi wa usalama hauwezi kuuona.

Jambo jingine lisiloonekana ni mifuko ya hewa. Kati ya magari yaliyoundwa miaka ya 2000, mengi yalifungwa vilipuzi vya mifuko ya hewa vya kampuni ya Takata ya Japani, vikiwemo vya Subaru Impreza na Mazda RX-8 za miaka fulani. Joto, unyevu na umri huharibu kemikali iliyo ndani, na mfuko unapofunguka chombo hicho huweza kupasuka na kurusha vipande vya chuma kwa dereva. Takriban vilipuzi milioni 100 viliitishwa duniani kote ili vibadilishwe. Mwenye gari la miaka hiyo achukue nambari ya chasisi na kumuuliza mwakilishi wa kampuni iliyoliunda, au aitafute katika tovuti ya kampuni hiyo, ajue kama gari lake limo.

Mambo matano yanayoangusha magari haya

1. Breki. Gari la spoti liliundwa kusimama haraka kutoka kasi kubwa, na ndiyo sababu lina diski kubwa. Pedi za bei rahisi zisizolifaa hupata moto mapema na kupoteza nguvu. Mafuta ya breki nayo hufyonza unyevu kadiri yanavyokaa. Yakipata joto kwenye mteremko mrefu, unyevu huo huwa mvuke na pedali huzama hadi chini. Mafundi wengi hushauri yabadilishwe kila baada ya miaka miwili hata kama gari halikutembea sana.

2. Tairi. Tairi inaweza kuwa na nyuzi za kutosha na bado iwe imezeeka. Ubavuni kuna tarakimu nne zinazofuata herufi DOT: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Tairi yenye 2314 ilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2014. Angalia pia herufi ya kasi: T ni hadi kilomita 190 kwa saa, H ni 210 na V ni 240. Anayefunga tairi za mtumba zenye herufi ya chini kuliko iliyotakiwa na kiwanda anaipa tairi kazi isiyoweza. Kwa gari linalosukumwa na magurudumu manne, tairi zote nne ziwe za ukubwa mmoja na zimechakaa kwa kiasi kinacholingana.

3. Springi na shokabsoba. Gari lililoshushwa hupendeza kwenye lami, lakini kwenye barabara ya kuelekea shambani hugonga chini, tairi husugua bodi, na mwelekeo wa taa hubadilika. Bushi zilizokwisha hufanya gari liyumbe dereva anapobadilisha leni akiwa kasi. Fundi akishika gurudumu lililoinuliwa na kulitikisa juu na chini, kisha kushoto na kulia, atajua haraka kama kuna kilicholegea.

4. Taa. Balbu za mwanga mweupe mkali zinazofungwa kwenye taa zisizoundwa kwa ajili yake hutawanya mwanga na kumpofusha anayekuja. Kwenye Barabara Kuu ya Mombasa, kati ya Salama na Mtito Andei, ambako malori hupishana usiku kucha, hilo ni hatari kwa pande zote mbili. Vioo vya taa vilivyofifia kwa jua vinaweza kusuguliwa vikarudi kung'aa.

5. Mabadiliko yasiyoandikishwa. Injini nyingine, rangi mpya, bodi iliyoongezwa: haya yote yanahitaji kuombwa na kuingizwa katika rekodi za NTSA. Gari linaweza kuwa zima kabisa na bado likataliwe kwa sababu karatasi zinasema kingine.

Kabla ya kununua

Chukua mfano wa kijana wa Mutomo aliyeweka akiba katika sacco na sasa anataka Impreza inayouzwa Nairobi. Afanye nini?

Kwanza, aombe rekodi ya gari katika huduma za NTSA kupitia eCitizen. Rekodi itaonyesha mmiliki, nambari za chasisi na injini, mwaka wa kutengenezwa, na kama benki au sacco ina haki juu ya gari hilo. Alinganishe nambari hizo na zilizo kwenye gari lenyewe, akiziona kwa macho yake.

Pili, aende na fundi wake mwenyewe, asitegemee fundi wa muuzaji. Injini iwe baridi wanapofika, kwa maana injini iliyopashwa moto mapema huficha kelele na moshi wa asubuhi. Gari liinuliwe lichunguzwe chini. Aulize mkanda wa timing ulibadilishwa lini na aonyeshwe risiti.

Tatu, ikiwa gari lilitoka Uingereza na muuzaji bado ana karatasi zenye namba yake ya usajili ya huko, historia ya ukaguzi wake inaweza kusomwa bila malipo katika tovuti ya serikali ya Uingereza. Rekodi hizo zinaanzia mwaka 2005, na huonyesha kilomita au maili kila mwaka pamoja na kasoro zilizopatikana. Kama gari lilikuwa na maili 90,000 kabla ya kusafirishwa na leo kioo kinaonyesha chini ya hapo, mnunuzi ameshapata jibu.

Nne, akishanunua, asiendelee kulitumia kwa jina la mwingine. Sheria inampa siku 14 kuhakikisha gari limehamishwa katika rekodi.

Utaratibu wa kupata ukaguzi

Mwenye gari huingia katika akaunti yake ya eCitizen na kufungua huduma za NTSA. Huchagua ukaguzi wa gari, hulipia humo humo, kisha huchagua kituo na siku. Mfumo huonyesha vituo vinavyopatikana. Kile cha Barabara ya Likoni, Nairobi, ndicho kinachojulikana zaidi, lakini ni vyema kutazama kama kuna kilicho karibu kabla ya kusafiri.

Siku hiyo gari lifike likiwa safi, hasa chini na kwenye injini, ili nambari zisomeke na kinachovuja kionekane. Mwenye gari abebe kitambulisho na nakala za stakabadhi za gari. Gurudumu la akiba, jeki na pembetatu za tahadhari ziwemo.

Gari likianguka, mwenye gari hupewa orodha ya kasoro. Kuanguka si aibu wala si hasara tupu, maana orodha hiyo ni ushauri wa kitaalamu kuhusu gari lake. Aipeleke kwa fundi, kasoro zirekebishwe moja baada ya nyingine, kisha alirudishe gari likapimwe.

Tahadhari: yeyote anayeahidi cheti bila gari kufika kituoni anauza karatasi. Karatasi hiyo haitasimamisha gari mteremkoni, na mwenye kuibeba anaweza kushtakiwa.

Baada ya cheti

Mikataba mingi ya bima humtaka mwenye gari alitunze katika hali salama. Ajali ikitokea na ikabainika tairi zilikuwa zimekwisha, cheti cha miezi minane iliyopita hakitamsaidia sana mbele ya kampuni ya bima wala mbele ya mahakama.

Kwa hivyo uchunguzi mfupi kila mwezi una faida kuliko maandalizi ya haraka kabla ya ukaguzi. Inachukua dakika 15 asubuhi: taa zote, upepo na hali ya tairi, kiwango cha mafuta ya breki na ya injini, maji ya radieta, na doa lolote sakafuni gari lilipolala. Kabla ya safari ndefu ya Nairobi au Mombasa, fundi atazame pedi za breki na viungio vya usukani. Kila kazi inayofanywa iandikwe kwenye daftari pamoja na kilomita na tarehe, na risiti zihifadhiwe. Siku ya kuliuza, daftari hilo litamweleza mnunuzi mengi kuliko cheti.

Gari kuukuu la spoti linaweza kutumika kwa usalama miaka mingi likiwa mikononi mwa mtu anayelijali. Akumbuke tu kwamba barabara anayopita ni ile ile wanayovuka watoto wa shule asubuhi na mama mboga wakirudi sokoni jioni, na kwamba katika vituo vya biashara kasi ya mwisho ni kilomita 50 kwa saa, gari liwe na turbo au lisiwe nayo.